Kukitesa Kifaa cha Elektroniki Kabla Hakijafika kwa Mteja: Mwongozo Kamili

Mafundi wanaotengeneza vidhibiti chaji vya sola, vile vinavyosimamia umeme kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri na mzigo, wana lalamiko moja linalojirudia. Kifaa kilijaribiwa karakana siku tatu, kikafanya kazi vizuri, kikauzwa, na kabla mwaka haujaisha kimerudi kimekufa. Wengi hufikiri tatizo ni ubora wa vipuri. Mara nyingi tatizo ni jaribio lenyewe.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kujaribu kifaa kwenye starehe: meza safi, feni juu, nyuzi 25 za Selsiasi, mzigo mdogo. La pili ni la wale waliosikia habari za majaribio ya kuharakisha uchakavu: wanachukua kifaa, wanakitupa kwenye oveni ya nyuzi 120, kinakufa kila mahali kwa wakati mmoja, na hawajui kipi kilitangulia. Wa kwanza hajaona udhaifu wowote. Wa pili ameuona wote kwa mkupuo na hawezi kuutenganisha.

Njia inayofaa ni kupandisha shida ngazi kwa ngazi, aina moja ya shida kwa wakati, mpaka kitu fulani kishindwe. Kikishindwa unatafuta chanzo, unarekebisha, unaendelea. Lengo ni kuvunja. Kifaa ambacho hakijavunjika hakijakufundisha kitu.

Mfano nitakaoutumia ni kidhibiti chaji cha volti 12, ampea 6, kinachokaa chini ya paa la bati. Hatua hizi zinafaa pia kwa mashine za kutotoleshea vifaranga, vifaa vya kufuatilia pikipiki, mita za maji na vingine vya aina hiyo.

## Vifaa vya kuandaa

- Vifaa vya kujaribiwa, angalau 5, vilivyounganishwa na mikono ileile na vipuri vilevile utakavyouza. Ongeza kimoja ambacho hakitaguswa kabisa. Hicho ndicho cha kulinganishia.
- Oveni ya umeme yenye feni, isiyotumika tena kwa chakula. Bodi ikiungua hutoa moshi wa sumu.
- Kidhibiti joto cha PID (kinachoshikilia joto mahali ulipolipanga) na themokapo, yaani waya za kupimia joto, aina ya K, angalau tatu. Usiamini kitufe cha oveni. Kinaweza kukosea kwa nyuzi nyingi.
- Friza ya kawaida, inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri.
- Pawa saplai inayorekebishika, volti 0 hadi 30, ampea 10.
- Betri ya asidi ya volti 12, na kwa mzigo, balbu ya gari ya wati 55 pamoja na nyingine ya wati 21. Zikiwashwa pamoja huvuta ampea 6 na ushee.
- Multimita mbili na kifaa cha kurekodi vipimo. Bodi ndogo ya maikrokontrola inayoandika kwenye kadi ya kumbukumbu kila sekunde 10 inatosha.
- Nyaya zenye ganda la silikoni. Waya wa kawaida wa PVC umekadiriwa nyuzi 70 tu. Ndani ya oveni utalainika na kusababisha shoti ambayo utakilaumu kifaa bure.
- Blowa ya hewa moto, kioo cha kukuzia au hadubini ya USB, miwani ya usalama, kizima moto cha unga, na dirisha lililo wazi.

Onyo ambalo halina mjadala: betri haingii kwenye oveni wala friza. Betri ya lithiamu ikipata moto kupita kiasi hujiwasha yenyewe, na ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni. Betri ikae nje, nyaya zipite kwenye tundu. Kama kifaa chako kina betri ya ndani, itoe na uweke pawa saplai mahali pake.

## Hatua ya 1: Andika maana ya "kimekufa"

Kabla ya kuwasha chochote, chukua karatasi uandike vipimo vitakavyokuambia kifaa kiko salama. Kwa kidhibiti chetu: kinakata chaji kwenye volti 14.4, kinakata mzigo betri ikishuka hadi 11.1, mkondo kinaotumia chenyewe kikiwa kimetulia, na volti inayopotea kwenye mosfeti (transista inayowasha na kuzima mkondo) mzigo ukiwa kamili. Andika pia kiasi cha kosa unachokubali, mfano volti 0.2 juu au chini.

Usiporuka hatua hii utaepuka mtego mkubwa: kifaa kinachowaka taa lakini kinakata chaji kwenye volti 15.3. Kwa macho ni kizima. Kwa betri ya mteja ni muuaji wa polepole.

Pima vifaa vyote, kimoja kimoja, kwa nyuzi 25. Vikitofautiana sana kabla hata ya mateso, simama hapo. Una tatizo la uunganishaji, na oveni haitalitibu.

## Hatua ya 2: Weka themokapo mahali panaposema ukweli

Joto la hewa ya oveni halina maana kubwa. Linalotakiwa ni joto la kifaa. Gundisha themokapo moja kwenye mwili wa mosfeti, ya pili juu ya kapasita kubwa ya elektroliti (kipuri kinachohifadhi chaji kwa muda), ya tatu ining'inie hewani sentimita chache kutoka kwenye bodi.

Toa kifuniko cha kasha. Ukikiacha, kasha litakuwa blanketi na utajaribu kasha badala ya saketi. Tena kama umelichapa kwa plastiki ya PLA, litaanza kulegea kwenye nyuzi 60. Hilo nalo ni jibu kuhusu bidhaa yako: kasha la PLA halifai chini ya bati.

## Hatua ya 3: Baridi kwanza

Watu hushangaa kwa nini baridi itangulie wakati vifaa vinauzwa Dodoma au Lodwar. Sababu ni ya kiuchumi. Baridi huua mara chache kuliko joto, kwa hiyo unavuna taarifa ukiwa bado na kifaa kizima mkononi.

Teremka kwa nyuzi 10 kila ngazi mpaka mwisho wa friza. Kila ngazi acha kifaa kitulie, kizime, kiwashe, rudia vipimo vya Hatua ya 1. Tatizo la kawaida hapa ni kifaa kinachofanya kazi kikiwa kimewashwa lakini kinakataa kuwaka upya, kwa sababu kapasita za elektroliti hupoteza nguvu kwenye baridi, au kristali ya saa haianzi.

Ukikitoa, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki mpaka kipate joto la chumba. Vinginevyo umande utatanda juu ya bodi na utapata shoti isiyohusiana na jaribio.

## Hatua ya 4: Joto, ngazi kwa ngazi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Anza nyuzi 40, mzigo kamili. Panda nyuzi 10. Subiri themokapo ya kwenye kapasita itulie, kisha ongeza dakika 15. Pima kila kitu, zima, washa, pima tena. Panda tena. Ukifika 80, punguza ngazi ziwe nyuzi 5. Usipite 120 hata kama kifaa kinaendelea kufanya kazi. Bodi za kawaida za FR-4 (ubao wa nyuzi za kioo na gundi ya epoksi) huanza kulainika kuanzia nyuzi 130 hivi, na ukifika huko unaharibu ubao wenyewe.

Kuna mipaka miwili ya kutafuta. Mpaka wa kazi ni joto ambalo kifaa kinaacha kufuata vipimo, lakini ukikishusha nyuzi 20 kinarudi salama. Mpaka wa kufa ni pale ambapo hata ukikishusha hakirudi. Kwa hiyo kikizubaa, usiendelee kupandisha kwa hasira. Shusha kwanza, angalia kama kimerudi, andika.

Sasa mfano. Chukua kidhibiti chenye mosfeti ya IRFZ44N iliyosimama bila hitisinki (kipande cha chuma cha kutawanya joto), mkondo ampea 6. Datashiti, karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, inasema ukinzani wake ni hadi omu 0.0175. Ampea 6 mara 6 mara 0.0175 ni wati 0.63. Bila hitisinki, kila wati moja hupandisha kiini cha mosfeti hiyo kwa nyuzi 62, kwa hiyo kupanda ni nyuzi 39. Kwenye meza ya nyuzi 25 kiini kiko kama nyuzi 64. Kila mtu anaridhika.

Lakini ukinzani wa mosfeti hupanda na joto. Kiini kikikaribia mpaka wake wa nyuzi 175, ukinzani unaweza kufika karibu mara mbili. Kwenye hewa ya nyuzi 90, wati 0.63 zinakuwa kama 1.2, kupanda kunavuka nyuzi 70, na kiini kiko zaidi ya 160. Joto linaleta ukinzani, ukinzani unaleta joto. Kwenye rekodi yako utaona themokapo ya mosfeti haitulii: dakika ya tano imepanda, ya kumi bado inapanda, ilhali hewa ya oveni imesimama palepale. Mstari huo usiotulia ndio ushahidi. Usingoje moshi, zima.

Angalia pia kama mosfeti inapewa volti 5 tu na maikrokontrola. IRFZ44N imepimwa kwa volti 10 kwenye geti (mguu unaoifungua na kuifunga); kwa volti 5 haifunguki kikamilifu na hesabu ya hapo juu inakuwa mbaya zaidi.

Dalili ya mafanikio: kifaa kimoja angalau kimefikia mpaka wake wa kazi, unaujua kwa nyuzi, na unaweza kuelekeza kidole kwenye sehemu iliyosababisha.

## Hatua ya 5: Tafuta chanzo, usiukimbie

Ukiwa na kifaa nje ya oveni, kikiwa na umeme, pasha sehemu moja moja kwa blowa yenye mdomo mwembamba mpaka tatizo lirudi. Ukiona kosa linajitokeza unapopasha rezista (vipingamizi) mbili za kugawa volti na si kwingine, umepata. Rezista za bei ya chini hubadilika thamani kwa joto, na ndizo zinazohamisha volti ya kukata chaji.

Wakati huu utasikia hoja, pengine kutoka kwako mwenyewe: "Lakini mteja wangu hafiki nyuzi 95." Hoja hii ndiyo inayoua bidhaa nyingi. Joto la 95 linaweza kuonyesha kwa muda mfupi udhaifu ambao nyuzi 55 za chini ya bati zitauonyesha baadaye sana. Swali la kuuliza ni gharama ya kurekebisha. Hitisinki ndogo, rezista bora, kapasita ya nyuzi 105 badala ya 85: ni fedha kidogo, weka. Ikiwa marekebisho yanahitaji kubadili muundo mzima kwa faida ya nyuzi tatu, hapo acha.

Kwenye kapasita usibanie kabisa. Kanuni ya kazi ni kwamba maisha ya kapasita ya elektroliti huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 unazoshuka. Kapasita ya saa 1,000 kwa nyuzi 85, ikikaa kwenye nyuzi 65, ina saa kama 4,000. Hazifiki hata miezi sita ya kufanya kazi mfululizo. Ya saa 2,000 kwa nyuzi 105, mahali hapohapo, ina saa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu.

Rekebisha, kisha rudia Hatua ya 4 kwa kifaa kilichorekebishwa. Mpaka wa kazi unapaswa kupanda. Usipopanda, chanzo ulichokishika sicho.

## Hatua ya 6: Moto na baridi kwa zamu

Lehemu haichoki kwa joto peke yake. Inachoka kwa kutanuka na kusinyaa. Bodi hutanuka kwa kiasi chake, mguu wa chuma kwa kiasi chake, na lehemu iliyo katikati ndiyo inayovutwa.

Hamisha kifaa kutoka friza ya nyuzi 15 chini ya sifuri hadi oveni ya 85, dakika 30 kila upande, kikiwa kinafanya kazi. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 100. Kama kwa mteja tofauti ya usiku na mchana ni nyuzi 25, gawanya: 100 kwa 25 ni 4, na kwa lehemu hesabu ya kukadiria huzidisha namba hiyo kwa yenyewe, yaani 16. Mzunguko mmoja ni kama siku 16 za kazi. Mizunguko 100 ni siku 1,600, zaidi kidogo ya miaka minne.

Umande wa kuhama unaweza kukuchanganya, kwa hiyo funga kifaa ndani ya mfuko wa silikoni unaostahimili joto pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu.

Kila mizunguko 25, weka bodi chini ya hadubini. Tazama miguu ya vitu vizito: vibanio vya skrubu, koili, mosfeti. Lehemu nzima inang'aa au ina ukungu laini, na imepanda mguuni kama koni bila kukatika. Lehemu iliyochoka ina duara jembamba jeusi kuuzunguka mguu. Ukiusukuma mguu kwa kijiti cha meno na duara likafunguka na kufunga, hapo pameshakatika. Ni msuguano tu unaopitisha umeme. Dawa yake ni kukipunguzia kitu hicho mvuto: skrubu inayoshika kibanio kwenye kasha, gundi ya silikoni chini ya koili, pedi kubwa zaidi kwenye bodi.

## Hatua ya 7: Umeme mbaya

Vaa miwani. Kapasita ya volti 25 ikipewa 35 inaweza kupasuka kwa kishindo.

Paneli ya sola inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 21 au 22 ikiwa haijabebeshwa mzigo. Panda volti moja moja kutoka 15 hadi 30 kwenye upande wa paneli, dakika 5 kila ngazi, ukiangalia mkondo. Mkondo unaoanza kupanda bila sababu ni onyo, simama.

Kisha fanya yale ambayo mteja atayafanya hakika. Geuza chanya na hasi kwenye betri. Geuza kwenye paneli. Halafu lile baya kuliko yote: paneli imeunganishwa, mzigo unawaka, legeza waya wa betri. Kidhibiti kisichojengwa kwa hili hupitisha volti zote za paneli moja kwa moja kwenye mzigo, na redio au taa za mteja zinaungua papo hapo. Mtu anayebadilisha betri nyumbani huanza na waya wowote ulio karibu na mkono wake. Weka ulinzi ndani ya saketi. Karatasi ya maelekezo haitamzuia.

## Hatua ya 8: Mtikisiko

Funga bodi kwenye ubao uliokaa juu ya springi nne, na chini ya ubao weka mota ya volti 12 yenye uzito uliofungwa pembeni. Ongeza kasi kidogo kidogo, kifaa kikiwa na umeme. Huu haufikii mtikisiko wa maabara, lakini konekta zinazoachia, skrubu zinazolegea na lehemu baridi hujionyesha ndani ya saa moja. Fanya kwa kifaa kilichopita Hatua ya 6, maana ufa mdogo ulioanzishwa na joto hufunguliwa na mtikisiko.

## Hatua ya 9: Unyevu, kwa wanaouza pwani na visiwani

Weka maji kwenye sahani, yeyusha chumvi ya mezani mpaka ikatae kuyeyuka na mabaki yabaki chini. Ndani ya boksi lililofungwa vizuri, mchanganyiko huo hushikilia unyevu wa karibu asilimia 75. Weka wavu juu yake ili maji yasiruke, kifaa juu ya wavu, boksi zima kwenye nyuzi 55, umeme umewashwa, wiki nzima.

Unachotafuta ni mkondo wa kifaa kilichotulia. Ukipanda siku hadi siku, umeme unavuja juu ya bodi, na kwa kawaida njia yake ni mabaki ya flaksi (dawa ya kusaidia kulehemu) ambayo hayakusafishwa. Osha kwa alkoholi ya isopropili na brashi, kausha, paka vanishi ya bodi, rudia.

## Hatua ya 10: Sasa uliza kitadumu muda gani

Hatua zote zilizopita zinatafuta udhaifu. Hazikupi miaka, na usiandike miaka kwenye boksi kwa kuzitegemea. Hata hesabu ya mizunguko ya Hatua ya 6 ni makadirio ya lehemu tu.

Kwa miaka unahitaji jaribio la pili, lenye joto lisilobadilika na lililo chini ya mpaka wa kazi, kwa vifaa vilivyokwisha kurekebishwa. Kanuni ya Arrhenius, inayohusisha joto na kasi ya uharibifu, inatoa kiasi cha kuharakisha: e (namba 2.718) kwa kipeo cha (E/k) × (1/T1 − 1/T2). T1 ni joto la kazini na T2 la jaribio, yote kwa Kelvin, yaani ongeza 273 kwenye nyuzi zako. Herufi k ni 0.00008617, na E, nishati ya kuanzisha uharibifu, mara nyingi hukadiriwa kuwa 0.7 pale ambapo huna takwimu bora. Kutoka nyuzi 40 za kazini hadi 85 za jaribio, jibu ni karibu mara 26. Saa 1,000 za jaribio, siku 42 hivi, ni saa 26,000 za kazi, karibu miaka mitatu mfululizo.

Idadi ya vifaa ndiyo inayowaumiza wengi. Vifaa 5 vikipita vyote bila hata kimoja kufa, unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 90 ni kwamba angalau asilimia 63 ya bidhaa zako zitafika muda huo. Si zaidi. Ili udai asilimia 90 kwa uhakika huohuo, vifaa 22 lazima vipite vyote.

## Hatua ya 11: Chuja kila kifaa kabla ya kuuza

Muundo ukishakuwa imara, kinachobaki ni makosa ya mkono na vipuri vibovu. Kila kifaa kipite usiku mmoja kwenye nyuzi 65, mzigo kamili, kikizimwa na kuwashwa kila saa, kisha vipimo vyote vya Hatua ya 1. Joto la kuchuja lisiukaribie mpaka wa kazi uliouandika. Acha angalau nyuzi 20 katikati.

Hakikisha mchujo wenyewe hauli maisha ya bidhaa. Chukua kifaa kimoja kizima, kipitishe kwenye mchujo huohuo mara 20. Kikidhoofika kabla ya hapo, mchujo ni mkali mno. Punguza joto au saa.

Andika namba juu ya kila kifaa na uhifadhi rekodi yake. Siku utakapobadilisha muuzaji wa mosfeti, kapasita au waya wa lehemu, hata kama maandishi juu ya kipuri ni yaleyale, toa vifaa viwili vya kundi jipya na uvirudishe Hatua ya 4. Mpaka wa kazi ukishuka kwa zaidi ya nyuzi 5 kulinganisha na ule wa zamani, rudisha mzigo dukani.